Kazi za Mikono: Kutoboa Tundu Kubwa la Mviringo katika Mbao

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya jambo lionekanalo dogo, nalo limekwisha kuumiza mikono ya vijana, na mara nyingine macho yao: ni jambo la kutoboa tundu kubwa la mviringo katika ubao kwa vyombo vya umeme.

Labda mtu atauliza, Tundu la mviringo lina kazi gani nyumbani mwa mwalimu? Twajibu, lina kazi nyingi. Mlango wataka tundu la kitasa. Meza ya jikoni yataka tundu la beseni na la bomba. Sanduku la spika la kwaya lataka matundu mawili, moja kubwa la spika yenyewe na moja dogo la kutolea pumzi. Wazee wetu walichimba ngoma na mizinga ya nyuki kwa tezo na moto, na kazi ile ilichukua siku nyingi. Siku hizi nguzo za umeme zimefika katika vijiji vingi vya bonde la Ziwa Rukwa, na kijana aweza kununua drili mjini Tunduma asubuhi, akaanza kazi jioni. Chombo chaja upesi, lakini maarifa ya kukitumia hayaji pamoja nacho katika sanduku.

Tuanze na habari tuliyoiona kwa macho yetu. Vijana wa kwaya walipalilia shamba la ufuta kwa ujira, wakaweka fedha yao pamoja, wakanunua spika moja ya inchi 12. Sanduku walikusudia kulitengeneza wenyewe. Kijana mmoja, ambaye jina lake hatulitaji, aliazima drili na msumeno wa kikombe. Chombo hiki wasiokijua waelewe hivi: ni mfano wa kikombe cha chuma chenye meno mdomoni, na katikati yake hutokeza biti nyembamba ya kuongoza. Alitaka kutoboa tundu dogo kwanza. Akauweka ubao juu ya magoti yake, akaushika kwa mkono wa kushoto, akabonyeza swichi yote kwa mkono wa kuume.

Sisi tulikuwapo. Tuliona ubao ulivyowekwa, na moyoni tulijua kuwa si vema. Lakini ilikuwa Ijumaa, na tulitaka sanduku liwe tayari kwa Jumapili. Badala ya kumzuia tukasema, "Fanya upesi, mwanangu, jua linakuchwa." Meno yakanasa katika ubao. Drili ilipokosa kuuzungusha msumeno ikauzungusha mkono wake, na ubao ukaruka ukampiga pajani. Kifundo cha mkono kikavimba hata asiweze kushika jembe muda wa majuma kadhaa, nayo ilikuwa siku za palizi. Mama yake akapalilia peke yake. Kila tulipopita njia ya shamba lile tulimwona ameinama, tukamwamkia, naye akatuitikia kwa upole, wala hakusema neno. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Hapa aliyelia alikuwa mama wa mwana, na sisi tuliochelea kusema neno moja tulikwenda zetu nyumbani tukala. Kwa hiyo twaandika barua hii.

Kwanza tujue sababu, maana mtu asiyejua sababu husahau amri. Biti ya milimita 6 ina meno yake milimita 3 tu kutoka katikati. Msumeno wa kikombe wa milimita 76 una meno yake milimita 38 kutoka katikati, yaani mbali zaidi ya mara 12. Nanyi mwajua jinsi mpini mrefu wa spana unavyofungua nati ambayo mfupi hauwezi. Basi meno yakinasa mbali na katikati, yana mpini mrefu wa kukusokota mkono. Mkono mmoja wa binadamu hauwezi kushindana na nguvu hiyo, hata ukiwa mkono wa mlima shamba.

Tena kuna mwendo. Mviringo wa msumeno wa milimita 76 una urefu wa sentimita 24 hivi. Drili ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila jino lapita zaidi ya mita 700 kwa dakika. Mbao huungua, moshi hutoka, meno hupoteza makali, na yakinasa hunasa kwa kishindo. Kwa msumeno wa ukubwa huo mizunguko 400 au 500 kwa dakika yatosha. Kadiri tundu lizidivyo kuwa kubwa, mwendo sharti upungue. Drili nyingi zina gia mbili zilizoandikwa 1 na 2: tumia 1. Kama ina alama ya nyundo kwa kutoboa ukuta, iondoe kwenye alama hiyo. Kama ina pete yenye tarakimu, iweke kwenye tarakimu ya katikati. Ndipo msumeno ukinasa, pete itateleza na kulia, na mkono wako utasalimika.

Sasa tufuate kazi kwa taratibu, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kupima. Hapa vijana wetu walikosea mara ya pili. Mwenzake yule aliyeumia aliambiwa kuwa spika ni ya inchi 12, akachora duara la inchi 12 kamili, yaani sentimita 30 na nusu, akalikata kwa bidii. Alipoiweka spika, ikapita katika tundu ikaangukia ndani ya sanduku! Watu walicheka sana, lakini ubao ulikuwa umeharibika na fedha ya ufuta imekwisha. Jina la inchi 12 hutaja upana wa spika pamoja na ukingo wake. Tundu sharti liwe dogo kuliko ukingo, ili ukingo ukalie ubao na kufungwa kwa skrubu. Kwa spika nyingi za jina hilo tundu huwa kama sentimita 28, lakini usitegemee neno letu wala la muuzaji. Igeuze spika, upime kwa rula mahali inapoingia, kisha chora duara kwanza katika karatasi ngumu, ulikate kwa mkasi, na kuijaribu spika humo. Karatasi ni rahisi kuliko ubao.

Hatua ya pili ni kufunga ubao. Ubao usishikwe kwa mkono, wala kwa goti, wala kwa mguu wa mdogo wako. Ulaze juu ya meza iliyo imara, uufunge kwa vibano viwili au katika jiriwa. Asiye na vibano na aupigilie katika meza kwa skrubu mbili, mahali ambapo alama zake hazitaonekana. Chini yake aweke kipande cha ubao mbovu, ili biti isitoboe meza, na upande wa chini usipasuke.

Hatua ya tatu ni mavazi. Vaa miwani ya kazi, si ya jua. Usivae glavu penye chombo kinachozunguka, kwa maana kitambaa kikishikwa na biti huvuta kidole kabla hujatambua. Funga mikono ya shati, ondoa skafu, na mwenye nywele ndefu azifunge nyuma. Mama aliyejifunga khanga asikaribie mpaka chombo kimesimama. Watoto wakae mbali, kwa kuwa mtoto hupenda kuinama ili aone tundu linavyotokea.

Hatua ya nne ni kutoboa. Kwa tundu la kadiri ya kiganja twatumia msumeno wa kikombe. Bomba la plastiki la milimita 75, kwa mfano, huingia vema katika tundu la msumeno wa milimita 76, nalo lafaa kwa tundu la pumzi la sanduku la spika. Funga mpini wa ubavuni wa drili, ushike kwa mikono miwili, simama miguu imeachana. Anza pole pole mpaka biti ya katikati ishike ubao na meno yote yaguse sawasawa. Usisukume kwa uzito wa mwili. Acha meno yale yenyewe. Kila mara uutoe msumeno na kuondoa unga wa mbao, maana unga ukijaa kikombeni msumeno hupata moto na kunasa. Biti ya katikati ikitokeza upande wa pili, simamisha, geuza ubao, ufunge tena, umalize kutoka upande huo kwa kufuata kitundu kile. Hivyo pande zote mbili zitakuwa safi, wala ubao hautapasuka kingo.

Swichi yenye kifungo cha kuishikilia isifungwe kamwe katika kazi hii. Mkono ukiachia, chombo sharti kisimame. Na kila unapobadili biti au kuondoa kipande kilichokwama kikombeni, chomoa plagi kwanza, au toa betri. Usiseme, "Sitabonyeza." Kidole hakiombi ruhusa.

Kwa tundu lipitalo sentimita 15 usitafute kikombe kikubwa zaidi. Tumia jigiso, msumeno mdogo wa umeme ambao ukanda wake hupanda na kushuka. Twasoma kuwa mnamo mwaka 1946 mhandisi wa Uswisi, jina lake Albert Kaufmann, alitoa sindano katika cherehani akatia ukanda wa msumeno mahali pake, na hiyo ikawa asili ya jigiso. Wenye cherehani nyumbani wataelewa upesi mwendo wake.

Chora duara kwa bikari. Asiye na bikari na apigilie msumari mdogo katikati, afunge uzi usionyumbuka na kalamu, azungushe. Chora upande wa nyuma wa ubao, ule usioonekana, kwa sababu ukanda wa kawaida wa jigiso hukata ukipanda na kurarua uso wa juu. Ndani ya duara, karibu na mstari, toboa kitundu cha milimita 10 au 12 kwa drili. Ingiza ukanda humo chombo kikiwa kimezimwa, ulaze uso wake bapa juu ya ubao, ndipo uwashe. Kata ndani ya mstari, uuache mstari wenyewe, maana tundu dogo huongezwa kwa tupa na msasa, lakini tundu kubwa halipunguzwi. Usiupinde ukanda kwa nguvu, uuongoze. Ukanda mwembamba hugeuka vizuri zaidi kuliko mpana.

Hapa pana hatari ambayo wengi hawaitazamii. Duara likikaribia kukatika, kipande cha katikati hulegea, hushuka upande mmoja na kuubana ukanda. Chombo huruka au ukanda huvunjika. Kwa hiyo ukifika robo tatu, simamisha, chomoa plagi, funga kijiti cha ubao kwa skrubu upande wa chini, kishike kipande cha katikati na ubao pamoja, mahali palipokwisha kukatwa. Kisha malizia. Wala mtu asiweke mkono chini ya ubao ili kukidaka kipande, hata kwa dakika moja.

Tena twaonya habari ya grinda. Tumewaona mafundi wakiondoa kinga ya grinda ya chuma na kutia kisahani chenye meno ya msumeno ili wakate mbao. Chombo kile huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, wala hakikufanywa kwa kazi hiyo. Meno yakishika ubao, grinda hurudi kwa mshikaji, shingoni au usoni, kabla ya kupepesa jicho. Fundi akikuambia kuwa amefanya hivyo miaka mingi bila kuumia, mshukuru kwa habari, lakini usimfuate.

Umeme nao una sheria yake. Umeme wa nyumba zetu ni volti 230, nao waua. Plagi yenye miguu mitatu bapa ina fyuzi ndani. Fyuzi ikikatika usitie uzi wa waya mahali pake. Waya wa kurefusha uukunjue wote, kwa sababu ukikaa umezungushwa hupata moto. Usiunge waya kwa utepe wa karatasi, wala usifanye kazi miguu mitupu juu ya ardhi yenye maji wakati wa masika. Na wenye kutumia jenereta waiweke nje, mbali na madirisha. Moshi wake una sumu isiyo na harufu iuayo watu usingizini.

Vumbi ya mbao pia si kitu cha kudharau. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiandika miongoni mwa vitu viletavyo saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Fanyeni kazi mahali penye upepo, vaeni barakoa, na ubao wa MDF msiukate ndani ya nyumba ya kulala. Vumbi ya mvule huwasha ngozi na kifua cha watu wengine; aonaye hivyo asione haya kuacha.

Na mtu akiumia? Damu ikitoka, bana jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kufunua kila mara kutazama, na uinue mkono juu. Usitie majivu, wala mafuta ya taa, wala masizi. Mpeleke zahanati, na uulize habari ya sindano ya pepopunda. Kibanzi kikichoma jicho usikisugue wala kukichomoa. Lifunike jicho bila kulikandamiza, nenda kwa mganga. Kidole kikikatika, kifunge katika kitambaa safi kilicholowa kidogo, ukitie katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko huo uuweke katika maji yenye barafu, kisha kifuatane na mgonjwa. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Mtu akishikwa na umeme, usimguse. Kata umeme kwanza, au msukume waya kwa kijiti kikavu.

Haya yote si mashauri ya wazee waoga. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, nayo yamtaka mwenye karakana azilinde mashine zake na awakinge wafanyakazi wake. Vyuo vya VETA hufundisha useremala kwa utaratibu huu huu. Lakini karakana nyingi za vijijini ziko chini ya mwembe, wala mkaguzi hapiti kila mwezi. Chini ya mwembe mkaguzi ni baba, au mama, au mwalimu aliyesimama karibu. Akinyamaza, hakuna mwingine.

Hapa Ivuna watu wamechemsha chumvi kwa mamia ya miaka. Wachimbuaji wa mambo ya kale wameona kuwa kazi hiyo ilikuwako tangu karne ya 13. Chumvi hiyo ina mafundisho mawili kwa seremala. La kwanza, ni adui wa chuma: msitundike misumeno karibu na magunia ya chumvi, na baada ya kazi ipanguseni kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, maana msumeno wenye kutu ndio unasao. La pili, hakuna aliyepata chumvi kwa kuukasirikia moto. Maji hukauka kwa wakati wake, na tundu hutobolewa kwa wakati wake.

Nanyi mtataka kujua mwisho wa habari ya kwaya. Walipalilia shamba jingine, wakanunua ubao mwingine. Yule kijana, kifundo chake kilipopona, alikuja nyumbani kwetu jioni akasema, "Shikamoo, mwalimu. Nataka kujaribu tena." Tukamwitikia, "Marahaba, mwanangu. Lakini safari hii hatutatazama jua." Tulifunga ubao kwa vibano, tukapima kwa karatasi, akatoboa kwa gia ya kwanza, akigeuza ubao katikati ya kazi. Ilichukua muda mrefu kuliko Ijumaa ile, na Jumapili iliyofuata waliimba bila spika. Jumapili ya pili spika ilikaa mahali pake, na skrubu zote nane zilishika ukingo.

Mama yake alikuwapo. Baada ya kuimba alikuja kutuamkia, akaushika mkono wa mwanawe, akaugeuza huku na huku kama mtu atazamaye jembe kabla ya kulinunua, akaenda zake akicheka. Nasi tukaona kuwa deni letu limeanza kulipwa. Wazazi na walimu wenzetu, mwonapo ubao juu ya magoti ya mtoto, semeni neno, hata kama jua linakuchwa.